Nane Nukta Tatu

Jumatatu, 6 Machi

Leo hospitali. Mizani kumi na saba, saa nne na nusu za kazi. Kumi na tano ziko sawa. Ya wodi ya watoto ilikuwa inapunguza gramu arobaini, nimeirekebisha. Ya chumba cha utafiti, mpya, ile ya tarakimu za taa, sikuigusa. Eti bado iko kwenye dhamana. Haya. Yao.

Dada wa utafiti — nesi mwenye kalamu tatu mfukoni na hazionekani kuandika hata moja — alinikuta napanda ngazi na mawe yangu ya mizani, kilo ishirini kila mkono. Akauliza nina miaka mingapi. Arobaini na saba. Hata siku moja, akasema! Wanatafuta watu wazima wasio na ugonjwa, wa kulinganishwa na wagonjwa wa moyo na wa saratani. Wanapima kiuno, presha, sukari, mafuta, na vitu vidogo vidogo vya kwenye damu, wapate kujua nani anaugua na kwa nini.

Nikamwambia hiyo kwa nini mimi naijua bila sindano. Mdomo! Watu wanakula kama tumbo ni la kuazima. Akacheka. Nikatia sahihi.

Kwa hiyo mimi ndiye jiwe. Wengine watapimwa kwangu. Baba alikufa na miaka 45, mdogo wangu 43. Mimi nimewapita wote wawili, na sikupitishwa na mtu. Sivuti, sinywi, soda niliacha nikiwa na miaka 26. Kilomita sita kila asubuhi, mvua isinyeshe au inyeshe. Kama nilivyoipata karakana hii ya mizani — nikianzia kufagia sakafu yake nikiwa na miaka kumi na sita.

Alhamisi, 9 Machi

Wamechukua damu, vichupa sita. Mizani yao ya taa imenisoma 55.4. Asubuhi hii hii karakanani nilikuwa 54.0 kamili. Nimeandika tu.

Kwenye benchi nilikaa na mwalimu wa chekechea, kitambaa kichwani, nyusi hana. Akauliza, na saratani yako ni ya wapi? Nikasema mimi sina, mimi ni mzima, nimeletwa kwa kulinganishwa. Akasema hongera, hata yeye alikuwa mzima mpaka Jumatano moja saa tano asubuhi.

Nikamuuliza alikuwa anakula nini zamani. Akanigeukia: mwenzangu, wewe ni daktari au ni jirani? Benchi zima lilicheka. Kisha akaniambia bila hasira — havuti, hanywi, watoto wanne kawanyonyesha wote. Mama yake saratani ya titi, mama mdogo titi. Alipopimwa, wakakuta kasoro ileile ya kurithi iliyopita kwao. Ya jirani yake wa wodini, hapohapo, wanasema imechangiwa na unene na sukari ya miaka mingi. Ugonjwa jina moja, njia mbili.

Niliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Moyoni nilisema: kuna kitu alikula.

Jumatano, 15 Machi

Wamenipigia simu. Si dada wa utafiti, ni daktari mwenyewe. Hapo tu nikajua. Nikaenda hospitali.

Kiuno sentimita 71. Presha 118 kwa 76. Sukari ya miezi mitatu 5.2. Kile kipimo cha kuonyesha kama mwili unaungua ndani kwa ndani — chini kabisa, safi. Kisha akageuza karatasi. Mafuta mabaya ya damu, yale yanayogandia kwenye mishipa: 8.3. Mtu anatakiwa awe chini ya 3.

Nikasema hiyo si damu yangu. Akasema ni yako. Nikasema basi mashine yenu mbovu. Akasema haiwezekani. Haiwezekani! Nikashuka mpaka garini, nikapanda na mawe, nikayapanga juu ya mizani yao ya taa mbele ya macho yake. Kilo hamsini. Ikasoma 51.4. Gramu elfu moja na mia nne za uongo! Nikamwambia, daktari, anayeshindwa kupima jiwe ataweza kupima kisichoonekana?

Alinieleza polepole, kama mtoto. Kwamba mizani ya miguu na mashine ya damu ni vitu viwili. Kwamba mashine kila asubuhi inalishwa kwanza damu ambayo jibu lake linajulikana, na isipolitoa jibu hilo haifanyi kazi siku hiyo. Yaani nao wana mawe yao. Nilimsikia vizuri sana. Sikutaka kusikia.

Dada wa utafiti akamwambia mwenzake, taratibu lakini nikasikia: huyu mama akija na ndugu zake hospitali itafungwa.

Nimetoka pale kifua mbele. Wameniondoa kwenye kundi la wazima.

Ijumaa, 17 Machi

Maabara ya juu ya duka la vitambaa. Sikuwaambia kitu. 8.1.

Tofauti ya nukta mbili. Mizani mbili za magunia zikitofautiana kiasi hicho, mimi huwa nazigongea zote muhuri wa kupita.

Jumanne, 28 Machi

Maabara ya tatu, mbali, ambako hakuna anayenijua. Siku kumi nimekula majani ya kuchemsha tu, hata fundi wangu mkubwa akauliza kama nimeweka nadhiri. Saa kumi na nne bila kula. Nikatoa mkono.

8.4. Imepanda!

Nimekaa kwenye ngazi za jengo lile, watu wananiruka. Mashine tatu, watu watatu wasiojuana. Mteja angeniletea gunia likasoma sawa mara tatu halafu akaendelea kubisha, ningemfukuza.

Alhamisi, 30 Machi

Nimerudi kwa daktari. Hakunisuta. Aliniambia nivue viatu. Akaminya nyuma ya kisigino, ule mshipa mgumu. Akauliza niliumia lini. Sijaumia. Sisi wote tuko hivyo, nikasema — baba, mimi, marehemu mdogo wangu. Muuza viatu alikuwa anatutania kwamba visigino vyetu vimeiva kabla ya miguu.

Kisha akasema hayo ni mafuta. Yamejipanga pale tangu utotoni.

Akanichorea. Ini ndilo linalozoa mafuta haya kutoka kwenye damu. La kwetu limezaliwa na nusu ya mikono ya kuzolea. Kwa hiyo yanabaki, mwaka baada ya mwaka, yanagandia. Mafuta hayo mengi hatukuyala, ni yaleyale ambayo mwili unayatengeneza wenyewe. Nikauliza, na mdogo wangu? Sigara ishirini kwa siku, kilo mia na kitu? Akasema ndiyo, zilimharakisha, tena sana. Lakini hata angekula kama mbuzi, safari ilikuwa ileile.

Basi mimi mbona niko hai? Nilitaka aseme kilomita sita. Akasema zimesaidia. Lakini zaidi ni kwa sababu mimi ni mwanamke — wanawake wenye damu hii kwa kawaida huchelewa kama miaka kumi.

Miaka kumi. Baba 45, ongeza kumi. Mdogo wangu 43, ongeza kumi. Mimi 47. Hesabu hiyo haihitaji kompyuta.

Kanipa vidonge, kimoja kwa siku, mpaka mwisho wa maisha. Nikadhani tumemaliza. Akauliza: marehemu aliacha watoto?

Wawili.

Akasema kila mmoja ni nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Waje wapimwe mapema. Wakianza dawa sasa, wanaweza kuzeeka kama watu wengine. Wakichelewa — akafunga kalamu.

Nimechora jedwali. Wote wawili salama: robo. Wote wawili wanayo: robo. Mmoja anayo: nusu. Robo tatu kwamba yupo angalau mmoja. Na ufunguo wa mlango wao anao wifi yangu, mama yao.

Jumapili, 2 Aprili

Acha niliandike hili, hakuna atakayesoma.

Julai iliyopita mdogo wangu alifia mezani, kijiko mkononi. Nilimlea mimi tangu baba aondoke. Shule nililipa mimi, kwa mikono iliyonuka grisi. Siku ya mazishi nikapewa nafasi ya kuzungumza kwa niaba ya familia. Watu kama mia mbili. Nikasema: mdogo wangu hakufa kwa bahati mbaya, ameuawa na sufuria za nyumbani kwake.

Nilisema hivyo. Mkewe amekaa mbele yangu, hatua nne.

Wifi alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda cha sabuni. Baada ya wiki mbili wafanyakazi wakaanza kuja na chakula kutoka nyumbani. Wengine waliongeza yao, wakasema kulikuwa na sumu. Wakambandika jina, Sufuria. Mwezi wa tisa wakamwambia apumzike. Naijua tarehe kwa sababu mizani za kiwanda kile nazipima mimi.

Tangu hapo watoto hawaji karakanani. Mkubwa ana miaka ishirini, namwita Kipipa, kachukua umbo la baba yake. Mdogo kumi na sita, Mshale, mkimbiaji wa shule, mbavu unazihesabu. Majina yote mawili nimeyatoa mimi. Kila Januari familia nzima ilikuwa inapanda kwenye mizani yangu kubwa ya magunia, naandika kwa chaki kisha nanakili daftarini, tunacheka. Kipipa alikuwa anapanda na pochi mkononi apate la kusingizia.

Nikimfikiria mmoja wa kuokoa, namfikiria Kipipa. Simwogopei Mshale. Yule ni mimi.

Jumamosi, 15 Aprili

Siku kumi na sita tangu daktari aniambie. Sijaenda. Juzi nilikuwa na mizani za bandari kavu. Jana gari. Leo nimepanga upya rafu ya skrubu, ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Ongeza kumi na tano nilizozipoteza nikibishana na mashine. Thelathini na moja. Hiyo ndiyo hasara yangu, na siilipi mimi.

Jumatatu, 17 Aprili

Nimeenda. Saa nne asubuhi.

Wifi anapiga pasi nguo za watu sasa. Vilima vya mashati, kila kilima na karatasi ya mwenyewe. Hakunikaribisha ndani wala hakunifukuza. Pasi ikaendelea.

Nikamweleza yote. Visigino, ini, nusu kwa nusu, vidonge. Niliongea kama ninayesoma ripoti, nilijisikia mwenyewe. Akanyoosha kola mbili ndipo akajibu.

"Kwa hiyo si sufuria."

"Si sufuria."

"Nani mwingine anajua?"

"Daktari. Na mimi."

Akaisimamisha pasi. "Uliyasema mbele ya watu mia mbili. Kuyafuta umekuja mbele ya pasi?"

Nikasema tuanze na watoto, mengine yatafuata. Kosa. Akacheka kicheko kibaya, kikavu. Akasema miaka mitatu alimpikia mumewe bila mafuta, chungu chake pembeni. Alimtembeza jioni kama mgonjwa. "Uliwahi kuniuliza? Wewe unayepima kila kitu?"

Nikasema hakuonekana kupungua.

"Alipungua kilo kumi na moja. Uliziandika mwenyewe kwa chaki."

Akasema watoto watapimwa siku nitakaposimama kwenye kantini ya kiwanda, saa ya chakula, nikasema niliyomwambia. Si kwa simu, si kwa barua. Nikamwambia wifi, unawafunga watoto kwa sababu yangu? Akachukua shati jingine. "Mimi nimewafunga? Hebu nihesabie. Umejua tangu lini?"

Nilitaka kusema jana.

"Machi," nikasema.

Nimerudi nimefungua daftari la Januari. Mwaka wa kwanza 129. Wa pili 124. Wa mwisho 118. Mwandiko wangu. Kando ya 118 nimeandika: bado nguruwe.

Ijumaa, 21 Aprili

Nimefanya.

Nilikwenda na mawe kama siku ya kazi, nikapima mizani ya stoo, nikairudia mara tatu mpaka karani akaniuliza kama nimekunywa chai. Saa saba kantini ikajaa. Wifi alisimama mlangoni, hakuingia. Kipipa na Mshale nyuma yake.

Nikapiga meza kwa kijiko. Mmoja akapaza sauti: Bi Mizani, leo unatupima sisi? Kicheko. Nikasema. Kwamba nilisema wifi yangu amemuua mdogo wangu kwa chakula. Kwamba ni uongo. Kwamba ugonjwa uko kwenye damu ya kwetu, umetoka kwa baba, ninao na mimi niliye na kilo 54. Kwamba huyu mama alimpikia vizuri kuliko mlivyopikiwa ninyi.

Halafu kijana wa mapipa: kwa hiyo mafuta hayana neno, tule tu? Nikamwambia wewe kula uone, wa kwako unaweza usitoke kwa baba, ukautengeneza mwenyewe, moyo au saratani, utachagua. Wakacheka tena. Vijiko vikaanza. Mzee mmoja tu, fundi boila, aliondoka mezani kwake akaenda mlangoni akampa wifi mkono.

Msimamizi wa kantini alinifuata nje. Kasema nimefanya jambo la kiungwana, ila nafasi ilishajazwa, wifi asije akadhani atarudishwa.

Nilimwambia wifi. Akasema hakuja kuomba nafasi, alitaka wasikie. Kisha: "Hospitali ni saa ngapi?"

Jumanne, 25 Aprili

Wametoa damu. Kipipa alifumba macho akaimba. Mshale alitazama sindano ikiingia, kama mimi. Dada wa utafiti akataka kuwapima uzito. Ile mizani ya taa wameiondoa! Kipipa akauliza kama anaweza kupanda na pochi. Hata wifi alicheka, akageuka upande.

Mshale aliniambia kocha kamweka kwenye mbio ndefu za mkoa, mwezi ujao. Kilomita kumi. Akaniuliza mimi asubuhi natumia dakika ngapi. Nikamwambia natembea tu, sishindani na mtu. Mara ya kwanza kusema hivyo.

Majibu wiki moja.

Jumanne, 2 Mei

Saa tatu na dakika kumi. Korido ya utafiti. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Tuko wanne kwenye benchi moja: Kipipa, wifi, Mshale, mimi. Kipipa kala mkate asubuhi, makombo bado yako begani, mama yake anamfuta bila kumtazama. Ukutani wamebandika picha ya moyo umekatwa katikati. Mshale anasoma majina ya mishipa kwa sauti ndogo, kama mtu anayejiandaa kwa mtihani.

Saa tatu na dakika ishirini na tano. Dada wa utafiti ametoka na karatasi ya Kipipa. Kaisoma hapahapa, amesimama, watu wanapita na toroli. 2.6! Safi. Hana. Kamwambia apunguze kiuno, sukari yake inaanza kunyanyua kichwa, na unene ukiachwa huleta mengi, moyo, saratani za aina kadhaa, asicheke. Kipipa kacheka. Kamkumbatia mama yake mpaka benchi likalia. Kaniambia, shangazi, jina langu libadilishe sasa. Nikasema nitakupa lolote utakalo.

Wifi analia, anajifuta na kanga, anasema Mungu mkubwa, Mungu mkubwa. Anamvuta Mshale naye. Mshale anasema mama niache, watu wanaona.

Saa tatu na nusu. Ametoka tena. Karatasi ya pili anayo, ameikunja mara mbili. Hakusimama mbele yetu. Amepita. Amesema dakika mbili tu, daktari anakuja, anatutafutia chumba.

Ya Kipipa ilisomwa koridoni.

Nusu kwa nusu, kila mtoto peke yake. Sarafu ya kwanza haiisaidii ya pili. Hilo nalijua, nimelijua tangu Machi. Mshale amenyoosha miguu, anazungusha kifundo, kama wanavyofanya kabla ya mbio. Kipipa anatafuta kwenye simu jina jipya la kujiita.

Dada wa utafiti anafungua mlango mmoja, una watu. Anafungua wa pili.

Wifi ameacha kujifuta. Anautazama ule mlango. Ananiinamia, sauti ya chini watoto wasisikie:

"Wifi. Chumba cha nini?"